Shajara ya kibao cha maneno: mgahawa, hoteli, genge na ndugu zao

Mimi ni fundi mabango, banda langu liko Mwanjelwa, Mbeya. Naandika vibao vya biashara kwa brashi, na malipo yangu ni kwa herufi: shilingi 1,500 kwa herufi ya inchi sita. Shajara hii ni ya kibao kimoja ambacho hakuna aliyenilipa kukiandika. Ni kibao cha sampuli chenye majina ya sehemu za chakula, kila jina na maana yake na lilikotoka, ili mteja achague neno kabla sijachovya brashi. Anayetaka kuiga aige. Makosa nimeyaacha humu makusudi, maana ndiyo yaliyonila hela.

14 Januari 2025: Herufi moja

Kazi imeanza kwa kukataliwa. Mzee mmoja wa Vwawa, mkulima wa kahawa, amepanga fremu karibu na Kabwe, anauza chakula. Aliniletea bati lake, akasema niandike mgahawa, na chini yake chai, supu, wali, ugali. Nikaandika kwa nyekundu yenye kivuli cheusi: MKAHAWA. Ndivyo nilivyofundishwa shule, au ndivyo ninavyokumbuka kufundishwa.

Alipokuja kuchukua alisimama mbele ya bati muda mrefu, mikono nyuma.

“Fundi, umeniandikia mti.”

“Mti gani tena, mzee?”

“Chungwa, mti wake?”

“Mchungwa.”

“Pera?”

“Mpera.”

“Kahawa?”

Nikanyamaza.

“Mikahawa ninayo Vwawa, ekari mbili. Hapa mjini nataka mgahawa.”

Herufi ni saba kwa saba, kwa hiyo bei haikubadilika, ila hasara ikawa yangu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa la pili. K ni mistari mitatu iliyonyooka, G ni tumbo. Miguu ya K inatokeza nje ya tumbo la G. Nilipitisha msasa juu juu, nikapaka nyeupe mara mbili, nikachora G. Mchana huoni kitu. Jua la saa kumi na moja likilipiga bati kwa ubavu, K inasimama ndani ya G kama mfupa ndani ya samaki. Ukifuta herufi, kwangua mpaka bati lionekane. Usipake juu ya nundu ukategemea rangi ikufichie.

Mzee alichukua bati lake hivyo hivyo. Usiku ule nikaamua: kabla ya mvua kuisha nitakuwa na kibao cha kuelekezea wateja, na sitaandika tena neno nisilolijua lilikozaliwa.

19 Januari: Kuzunguka na daftari

Nimetembea Mwanjelwa, Mafiati, Soweto hadi Uyole, zote humu Mbeya, siku tatu, nikinakili kila kibao cha chakula. Hapakuwa na ugumu, isipokuwa raundi ya kwanza niliandika majina peke yake. Nilipofika nyumbani nikaona daftari halinisaidii: limejaa HOTELI na GROSARI bila kusema ndani kuna nini. Ikabidi nirudi. Safu ya kwanza iwe jina kama lilivyoandikwa, makosa yake yote. Safu ya pili iwe kinachouzwa kweli, na hicho ukione kwa macho, usiulize, kwa sababu ukiuliza unatajiwa kila kitu, hata pilau ya Krismasi.

Daftari limenifundisha jambo moja mapema. Katika migahawa yote niliyoingia, chai ya rangi ipo, ya maziwa ipo, chapati na maharage vipo, kwingine mchele wa Kyela unanukia tangu mlangoni. Kahawa ukiiagiza unaletewa kopo la unga wa kukoroga na maji ya moto. Na huu ni mji ambao ukipanda gari kuelekea Mbozi unapita mashamba ya kahawa huku na huku. Nilimpitia yule mzee wa Vwawa kumuuliza mbona haiuzi.

“Kahawa ni ya ada za watoto,” akasema. “Ya kunywa ni chai.”

27 Januari: Maktaba, na ugomvi wa K na G

Nimeshinda siku mbili maktaba ya mkoa, kamusi tatu mezani. Nauli ya daladala na andazi tu, hakuna gharama nyingine ya kuandika.

Kwanza nimuombe radhi aliyenifundisha: mkahawa si kosa. Maneno yote mawili yamo kwenye kamusi na maana ni moja, nyumba ya kuuzia vinywaji na chakula. Wenzetu Kenya wameshika mkahawa, sisi huku tumeshika mgahawa. Shina ni kahawa, na kahawa ni qahwa ya Kiarabu.

Sasa, K na G zinatoka wapi? Qahwa inaanza na ile K ya kooni. Neno la Kiarabu lenye herufi hiyo likiingia Kiswahili, kwa kawaida huvaa K yetu ya kila siku: kalamu, kabila, kadhi, wakati. Kwa kanuni hiyo, kahawa na mkahawa ndiyo njia iliyonyooka. Lakini Waarabu wenyewe hawaitamki herufi hiyo namna moja. Watu wa Ghuba na wa Hadhramaut wanasema gahwa, kwa G kabisa, na Wahadhrami ni wageni wa siku nyingi kwenye pwani yetu, wafanyabiashara wa maduka na wa majahazi. Kwa hiyo mgahawa wetu naona umebeba lafudhi ya mwenye duka. Niliyekuwa nasahihisha kosa pale Kabwe, kumbe nilikuwa nafuta lafudhi moja na kuandika nyingine.

Kilichonisumbua zaidi ni ile M ya mbele. Mzee wa Vwawa aliisoma kama M ya miti, na kwa Kiswahili chake yuko sahihi. Lakini Kiarabu kina maqha, mahali pa kahawa, na kina desturi ya kuweka ma mbele ya shina ili kupata mahali. Nilikuwa nimeinamia kamusi nikiwaza mfano, nikainua kichwa, nikaona neno limeandikwa ukutani: MAKTABA. Shina lake ndilo lile la kitabu. Madrasa ina shina la darasa. Masjid, mahali pa kusujudu, ilipofika kwetu ikawa msikiti, na wingi ikapewa misikiti, ikaingia foleni moja na mti na miti. Mgahawa, migahawa. Imekaa vilevile. Nilicheka peke yangu hadi dada wa mapokezi akaniangalia.

Kuna mengine niliyoyanakili ambayo hayataingia kwenye bati kwa sababu nafasi haitoshi, nayaweka hapa. Kahawa ya kunywa ilishamiri Yemen karne ya 15, kwa masufi waliotaka kukesha wakiomba. Nyumba za kuinywea zikafuata. Mwaka 1511 gavana wa Makka alizifunga, na marufuku hiyo haikudumu. Miaka ya 1550 zilikuwa zimefika Istanbul. Waturuki wakaiita kahve, Waitaliano caffè, Wafaransa café, na hiyo ya mwisho kwao ikawa jina la nyumba pia. Kwa hiyo kafe yenye vioo na mgahawa wa bati wa Mafiati ni mtu na ndugu yake. Nilimwambia hivyo mteja mmoja aliyetaka nimwandikie KAFE kwa sababu “mgahawa ni jina la kizamani.” Akaniambia niandike KAFE.

8 Februari: Hoteli

Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu, nilikuwa juu ya ngazi nikirudishia rangi kwenye kibao cha zamani: HOTELI. Lori likaegeshwa. Dereva, mtu wa Lubumbashi, akaingia na begi lake begani. Nikasikia ndani:

“Chumba bei gani?”

“Chumba? Tuna wali nyama, wali maharage, ugali samaki.”

“Niko nauliza chumba cha kulala.”

“Karibu ukae baba, kuna meza ule pale.”

Alikula, akanawa, akaelekezwa gesti ya jirani. Hakuna aliyekosea. Kwetu hoteli ni pa kula. Pa kulala ni gesti au loji. Hoteli ya ghorofa yenye vitanda ipo, lakini mtu akikwambia “leo nimekula hotelini” hutamuuliza alilala wapi. Neno lilitufikia kupitia Kiingereza, Kiingereza kililitoa Ufaransa, na mzizi wake ni Kilatini, hospes, ambaye ni mgeni na ni mwenyeji pia, neno moja kwa wote wawili. Ndani ya mzizi huo mmoja Kiswahili kimevuna mara tatu: hoteli, hosteli, hospitali. Wote ni wa kupokea mgeni, kinachotofautiana ni hali aliyofikia nayo.

Shauri la fundi: kibao kikiwa barabara kuu ya Tunduma, ambako madereva wa Zambia na Kongo wanapita, andika HOTELI halafu chini yake andika CHAKULA. Herufi saba zaidi, 10,500. Mwenye hoteli ya Uyole alikataa, akasema dereva yule angekula wapi kama angejua?

22 Februari: Genge, na kibao kilichotisha mtaa

Hili limeniuma. Vijana wanne wa Uyole wamejiunga, wamepata meza na mwavuli, wanauza nyanya, vitunguu, bilinganya, dagaa na mafuta ya kupima. Wakataka kibao: GENGE LA VIJANA. Herufi kumi na tatu. Nikaandika, nikapokea hela, nikaenda zangu.

Kesho yake asubuhi simu. Mwenye nyumba ambaye wanaegemea ukuta wake amegoma. Kibao kimesimamishwa kando ya lango lake, na meza ilikuwa bado haijatolewa nje. Mtu anayepita anaona lango, anaona maandishi mekundu: genge la vijana. Hakuna nyanya hata moja ya kumsaidia kuelewa.

Genge lina maana nyingi kuliko meza inavyoweza kubeba. Lipo genge la jabali, ule ukingo mkali wa korongo. Lipo genge la watu wanaofanya kazi pamoja, na kutoka hapo genge la wahalifu. Na lipo la nyanya. Neno GENGE likitangulia jina la watu, msomaji anaona watu. Likitangulia bidhaa au likibaki peke yake, anaona mboga. Nilikwangua VIJANA, safari hii hadi bati, nikaandika MBOGA. Rangi na muda ni juu yangu, 7,000. Vijana waliomba jina lao libaki japo dogo, nikaliweka chini pembeni, herufi za inchi moja, bure.

1 Machi: Mzee wa reli

Kamusi inasema genge la watu limetokana na Kiingereza, gang. Lakini kutoka kundi la vibarua hadi fungu la nyanya ni mbali, nikataka mtu wa kunitembeza. Nilimpata Iyunga, karibu na stesheni ya TAZARA, mzee mstaafu aliyefanya kazi ya kutunza njia. Reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Neno lilikuwapo kabla yake, lakini yeye aliliishi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye fundi wa maneno?”

“Fundi rangi, mzee.”

“Haya. Sisi ndio tulikuwa genge. Watu na mnyapara wetu, na kipande chetu cha reli. Tunaamka na sururu. Sasa palipo na watu wenye mshahara na hawana wake karibu, mama mwenye sufuria hakosekani. Anakuja pale gengeni. Mwezi wa kwanza unasema naenda kula kwa yule mama wa gengeni. Mwezi wa pili unasema naenda gengeni. Wa tatu hata kama genge limehamishwa, yeye kabaki, na pale panaitwa genge.”

Nikamuuliza, na nyanya?

“Sufuria ni kazi ngumu, mwanangu. Nyanya hazihitaji kuni.”

Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo na sitayatafuta.

9 Machi: Iringa, na kosa la Mjerumani

Nilipanda basi hadi Iringa, kwenda na kurudi 44,000, kwa sababu nilitaka kujua kama kibao cha Mbeya kitafaa huko. Makambako na Mafinga nilipita nikinakili kutoka dirishani. Iringa nikateremka Ipogolo, nikapanda mlima hadi mjini. “Kamwene” nyingi njiani, ndiyo salamu ya Wahehe, na maneno ni yaleyale, ila mama ntilie ni wengi kuliko migahawa upande ule niliotembea mimi.

Karibu na lile Boma la Wajerumani, ambalo siku hizi ni makumbusho, nilikaa kwenye benchi na wazee wa bao. Mmoja akasema kwa uhakika kabisa: genge ni Kijerumani. Iringa kila kitu cha zamani ni cha Mjerumani, na si uongo mtupu, kwani shule ni Schule, na hela ni ile heller waliyoigawa rupia yao mia mia tangu 1904. Akaniambia Gang kwa Kijerumani ni sahani moja katika mfululizo wa mlo, ya kwanza supu, ya pili nyama. Nikaona almasi imeniangukia mkononi! Chakula, na Kijerumani, na Iringa, vyote mahali pamoja. Nilirudi Mbeya nikachora rasimu kwenye manila usiku huohuo.

Asubuhi nikaihurumia manila yangu. Mtu wa gengeni hajawahi kuletewa sahani ya kwanza na ya pili. Yule mzee wa Iyunga alinionyesha njia iliyopitia kwa watu, vibarua na mnyapara, na hiyo ni gang ya Waingereza, waliokuja kutawala baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Maneno yale mawili ni ndugu, yote yana asili ya “mwendo”: Kijerumani kikabaki na mwendo, Kiingereza kikahamia kwa wanaokwenda pamoja. Mzee wa bao alikuwa na nusu ya ukweli, nusu iliyo tamu. Manila 1,000, imekwenda.

Neno likikuelezwa vizuri mno hadi ukatamani liwe kweli, lala nalo usiku mmoja kabla ya kufungua kopo.

21 Machi: Ntilie au lishe

Nilidhani hili ni jepesi. Mama ntilie ni “mama, nitilie,” nitilie wali, niongezee mchuzi. Ile “ni” imemezwa kama inavyomezwa pwani mtu akisema “ntakuja.” Mteja alivyokuwa anaita, ndivyo mpishi alivyopata jina. Lishe ni kutoka kula, kulisha, na ndilo serikali inalolipenda: mama lishe, na siku hizi baba lishe.

Nikaenda na rasimu kwa mama mmoja wa Tukuyu anayepika ndizi na nyama Mafiati, nimwonyeshe. Aliisoma huku anapakua, mwiko mkononi.

“Hapo umeandika mama ntilie ni mpishi wa chakula cha bei nafuu.”

“Ndiyo, mama.”

“Ntilie ni neno lako wewe uliyeshika sahani. Mimi sijawahi kusema ntilie hata siku moja. Mimi nasema karibu.”

“Niandike lishe?”

“Lishe ni la wale wa semina. Andika tu kwamba ndivyo tunavyoitwa.”

Nimebadilisha. Sasa rasimu inasema: mama ntilie, ndivyo anavyoitwa na wateja. Alinitilia ndizi mbili zaidi. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, akacheka matamshi yangu. Kwa wanaohesabu: MAMA NTILIE ni herufi kumi, MAMA LISHE tisa, na nimewahi kuona mtu akichagua lishe kwa sababu ya hiyo 1,500.

5 Aprili: Rangi imebanduka

Maneno yalikuwa tayari, nikaona kilichobaki ni kazi ya mikono tu. Nikanunua bati jipya tambarare, 38,000. Fremu ya mbao za mbili kwa mbili na misumari, 12,000. Rangi za mafuta: nyeupe 14,000, nyeusi na nyekundu 8,000 kila moja. Tina ya kuzimulia rangi 6,000, brashi tatu 9,000, msasa 2,000. Jumla 97,000. Nikapaka nyeupe mara mbili, nikapiga mistari kwa uzi wa chaki, nikaandika wiki nzima, maneno kumi na moja.

Siku chache baadaye, katikati ya mvua, naligusa bati kwa ukucha, rangi inatoka kama ganda la yai. MGAHAWA mzima ukabaki mkononi mwangu, unasomeka.

Miaka yote nimekuwa nikiandika kwenye mabati ambayo wateja wananiletea, mengi yamekaa juani. Bati jipya ni kitu kingine. Lina mafuta ya kiwandani juu yake, na chini ya hayo kuna zinki, ambayo haipatani na rangi ya mafuta. Zinapogusana, rangi inageuka kama sabuni pale chini na kuachia. Baridi na unyevu wa Mbeya ulimalizia tu.

3 Mei: Siki

Nimekwangua lote. Kisha nikaliosha kwa sabuni, nikalisuuza, nikalisugua kwa siki chupa mbili, ile ya kachumbari, 5,000, nikaacha nusu saa hadi mng’ao ukafifia, nikalisuuza tena na kulikausha. Banda lilinuka kachumbari siku mbili, watu wakaniuliza kama nimehamia upande wa chakula. Juu yake praima ya zinki, ile rangi ya kwanza ya kushikisha za juu, 18,000, siku mbili za kukauka. Ndipo nyeupe mpya, 14,000, na msasa mwingine 2,000. Jumla ya kurudia 39,000. Ungeanza na siki na praima ungeokoa nyeupe moja na mwezi mzima.

Niliporudia kuandika, nilipunguza. Maelezo marefu hayasomwi na mtu aliyesimama. Nimeruhusu mistari mitatu kwa kila neno. Haya ndiyo yaliyobaki mbali na niliyokwisha kueleza.

Kioski: Waajemi waliita kushk, Waturuki köşk, banda la bustanini la kupumzikia wakubwa. Kantini: Kiitaliano cantina, ghala la chini ya nyumba, mahali pa mvinyo. Kwenye kantini ya shule ni maandazi na soda.

Bucha: Kiingereza butcher, nacho kilitoka Ufaransa kwa mchinja beberu, maana bouc ni beberu. Mwenye bucha jirani alisoma mstari huo akasema yeye ni ng’ombe tupu, nisimpeleke kwenye mbuzi.

Grosari: huyu alikuwa mwuzaji wa jumla huko Ufaransa, Uingereza akawa mwenye duka la vyakula, na kwetu amekuwa mwuza bia. Fundi mgeni usije ukamwandikia GROSARI mtu wa mchele na unga. Saa tatu usiku atagongewa mlango.

Restorenti: Paris, miaka ya 1760, hilo halikuwa jina la nyumba, lilikuwa jina la supu. Supu ya kumrudishia mtu nguvu, mchuzi mzito wa nyama. Nyumba ikachukua jina la kilichomo chunguni. Ukipita Soweto Jumapili asubuhi ukaona waliokesha wameinamia bakuli za supu ya utumbo, ndimu na pilipili pembeni, hapo ndipo pa kulitundika neno hilo, na wao wameandika KIBANDA.

15 Juni: Kimetundikwa

Kibao kiko ukutani mwa banda tangu jana. Siku kavu, baridi kali, vumbi. Nimekigusa kwa ukucha kila pembe, rangi imeshika.

Gharama yote: raundi ya kwanza 97,000, kurudia 39,000, kukwangua genge 7,000, nauli ya Iringa 44,000, ya Vwawa 10,000 nilipokwenda kuona hiyo mikahawa ya yule mzee kwa macho, na manila 1,000. Ni 198,000. Atakayeiga asiende Iringa, anakili maneno humu, aanze na siki. Atamaliza kwa 120,000 na kidogo.

Mteja wa kwanza kukitumia alikuja leo asubuhi, binti anayefungua chumba cha chakula Mbalizi. Alisoma mistari yote, taratibu, midomo ikicheza. Kisha akaniuliza, “Kaka, kwa hiyo lipi ni zuri?” Nikamwambia inategemea utapika nini na barabara gani. Akafikiri. Akasema aandikiwe jina la mama yake na neno CHAKULA.

Jioni nilipita Kabwe. Upepo na mvua ya miezi mitano vimekula ile G yangu ya kwanza, na K imetoka, si lazima tena usubiri jua la saa kumi na moja. Nilimwambia mzee nitakuja Jumatatu na msasa, bure. Alikuwa amekaa nje na wenzake wawili wa Mbozi, chai mkononi, wanabishana kama bati linasema mti au nyumba, na ndani meza zimejaa.

“Iache kwanza,” akasema. “Wanakaa muda mrefu wakiisoma.”